Kuwalea waumini walio mbali: mwongozo kwa wazee wa kanisa Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu ni wa mzee wa kanisa, mwinjilisti, katekista au katibu wa usharika aliyekabidhiwa watu asiowaona kila Jumapili. Huku kwetu watu wa namna hiyo ni wengi. Makao ya usharika yako Mbeya mjini, Tukuyu, Njombe au Mafinga; mtaa mmoja uko nyuma ya safu ya Livingstone, mwingine uko kando ya Ziwa Nyasa ambako gari halifiki, na nusu ya vijana wa kwaya wako machimboni Chunya au kwenye majaruba ya mpunga Ubaruku. Mtaa hapa ni tawi la usharika, si mtaa wa mjini; Wakatoliki watasoma parokia na kigango pale ninaposema usharika na mtaa. Kazi ni ile ile.

Msimamo wangu niuseme mapema. Waumini wa mbali hawaumizwi sana na uchache wa ziara. Wanaumizwa na ziara zilizotangazwa kisha zikaota mbawa. Mchungaji anayefika mara tatu kwa mwaka katika tarehe alizozitaja hujenga kuliko msafara wa Costa mbili unaoibuka mara moja na fulana za kumbukumbu, ukala kuku wa kijiji kizima, ukapiga picha na kutoweka. Asiyekubaliana nami kwenye hilo hataona maana ya hatua zinazofuata.

Hatua ya kwanza: andika majina

Nunua kaunta buku moja, usitegemee kichwa cha katibu. Ligawe sehemu tatu: walioko kwenye mitaa ya mbali, waliohama kwa kazi au masomo, na wale ambao wapo jirani lakini hawatoki nyumbani kwa sababu ya uzee au ugonjwa. Kundi la tatu husahaulika kuliko yote. Bibi aliyelala kitandani Uyole yuko mbali na kanisa kama mtu wa Ludewa, tofauti ni kwamba hakuna anayemwombea safari njema.

Kwa kila jina weka kijiji na kitongoji, namba ya simu yake, na namba ya mtu wa pili. Hiyo ya pili ndiyo itakayokuokoa. Watu hubadilisha laini, simu huibwa, na huko machimboni kijana anaweza kuhama kutoka duara (shimo la kuchimbia) moja hadi jingine asimwambie hata mama yake. Kuandika "Baba Neema, Makongolosi" hakusaidii. Andika anafanya kazi na nani, anakaa karibu na duka gani, nyumbani kwao ni wapi.

Usiandike humo habari za ungamo, za ndoa yenye mgogoro wala za afya ya mtu. Daftari hilo litapita mikononi mwa wengi, na kijiji cha mbali ni kidogo. Likivuja jambo moja, watu wataacha kusema ukweli mbele ya wageni wa kanisa kwa muda mrefu.

Hatua ya pili: panga ratiba kwa kalenda ya kule

Hapa ndipo kamati nyingi huteleza. Ratiba hupangwa Januari ofisini, tarehe zinagawanywa sawasawa kwa miezi, halafu Machi gari linanasa kwenye tope la Makete na mwaka mzima unavurugika.

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, kwa Rungwe na Kyela hadi Mei na zaidi. Katika miezi hiyo barabara nyingi za udongo za milimani hazina heshima kwa mtu, hata mwenye gari la miguu yote minne. Kwa hiyo ziara kubwa, ile ya kubatiza, kubariki ndoa na Meza ya Bwana, iweke kati ya Juni na Oktoba. Ziara za masika ziwe za pikipiki, mtu mmoja au wawili, bila mizigo.

Lakini kiangazi nacho kina masharti yake. Ukipita Isyonje kupanda Kitulo, uko kwenye uwanda wa mita kama 2,600 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya Julai huko unakuta barafu nyembamba juu ya majani, na watu hawatoki ndani kabla jua halijapanda. Ukitangaza ibada saa mbili asubuhi utahubiria mabenchi. Sema saa nne, nao watakuja saa nne kweli. Juni hadi Agosti pia ni mavuno ya mahindi sehemu nyingi, kwa hiyo Jumamosi ya semina ya siku nzima ni kuwatesa watu. Kule Kyela na Usangu uliza kuhusu mpunga. Makete na Umalila uliza kuhusu viazi. Kwenye maeneo ya chai, Mufindi na Rungwe, uliza siku za kazi za wachumaji. Na popote uendapo uliza siku ya mnada. Siku ya mnada hakuna ibada itakayoshindana nayo, na mimi siwalaumu.

Vijiji vya ufukweni chini ya milima ya Livingstone ni suala jingine kabisa. Kutoka Matema kwenda Ikombe au Lumbila unategemea boti au miguu. Siku ya kuondoka ataamua mwenye boti, si mchungaji. Yeye akitazama maji na kusema tusubiri, mnasubiri. Acheni siku moja ya akiba kwenda na nyingine kurudi, na mwambieni mwinjilisti wa kule asitangaze saa, atangaze siku.

Kabla ya kuandika tarehe yoyote piga simu tatu: kwa mwinjilisti, kwa mwanamke mmoja kiongozi wa kina mama (yeye ndiye anajua hali halisi ya chakula na misiba), na kwa dereva au bodaboda anayepita njia hiyo kila wiki. Wakikubaliana wote watatu, andika. Kisha tarehe hiyo isiguswe. Ukweni, harusi ya mtoto wa mzee wa kanisa na mkutano wa jimbo uliotangazwa ghafla, yote hayo yatakuja siku hiyo hiyo. Atumwe mwingine, lakini mtu aende.

Hatua ya tatu: mwamini mtu wa kule

Historia ya kanisa la huku ni ushahidi tosha. Wamisionari wa Kijerumani, wa Berlin (Walutheri) na wa Moravian, walifika Unyakyusa mwaka 1891. Wamoravian wakaanzia Rungwe, na kabla ya miaka kumi kupita walikuwa wameshafika Utengule na Mbozi, huku wa Berlin wakipanda Ukinga hadi Bulongwa. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka kusini, na Wajerumani wale wakakamatwa na kuondolewa. Hawakuanza kurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Waskoti wa misheni ya Livingstonia, ng'ambo ya mpaka, walisaidia kusimamia, lakini walikuwa wachache na eneo ni kubwa. Nani aliongoza ibada vijijini miaka yote hiyo? Walimu, wazee na wasaidizi wenyeji. Walifundisha katekisimu, wakazika, wakaimba. Wajerumani waliporudi walikuta kanisa lipo.

Kwa hiyo usimpelekee mtaa wa mbali kijana wa mjini anayehesabu siku za kuhamishwa. Mtafute aliyezaliwa pale au aliyeoa pale, mwenye shamba pale, ambaye hata asipokuwa na cheo hataondoka. Shule si kigezo cha kwanza. Kigezo cha kwanza ni kama majirani humwita wanapogombana.

Mkishampata, mpeni vitu vinne. Kwanza orodha ya masomo ya Jumapili za mwaka mzima, na kwa kila Jumapili maelezo ya nusu ukurasa ya kumsaidia kuhubiri. Pili ruhusa iliyoandikwa na kusomwa mbele ya washarika: anaweza kuongoza ibada, kufundisha watoto wa kipaimara, kuzika. Makanisa yetu yanatofautiana kuhusu nani anabatiza na nani anaongoza Meza ya Bwana, kwa hiyo mipaka nayo iandikwe, asije akalaumiwa kwa jambo ambalo hakuambiwa. Tatu mtu mmoja wa kumpigia simu akikwama, naye awe anapokea. Nne, posho. Ikiwa kidogo, iwe kidogo, lakini ifike tarehe ile ile. Mwinjilisti anayedai posho ya miezi hadharani anadhalilika yeye na injili yake. Mahali ambapo fedha haipo kabisa, vijana wa usharika wanaweza kumpalilia shamba lake siku moja mwezi wa kwanza. Heka moja iliyopaliliwa kwa wakati ina thamani kubwa kuliko bahasha ya Krismasi.

Lugha nayo. Kiswahili kinaeleweka kila mahali, lakini bibi wa Kikinga anapoomba kwa uchungu anaomba Kikinga, na mzee wa Kinyakyusa ana nyimbo alizojifunza kwa baba yake. Acheni nafasi ya hayo. Mgeni asiyejua hata salamu za "ugonile" au "kamwene" ajifunze njiani, dereva atamfundisha.

Hatua ya nne: ziara yenyewe

Nendeni wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi. Si kwa sababu ya unyenyekevu tu. Mmoja anahubiri, mwingine anasikiliza. Na katika ziara za nyumba kwa nyumba, hakuna anayeingia peke yake kwa mama aliye peke yake, wala anayelaza wageni wa jinsia tofauti chumba kimoja. Semeni hivyo wazi kabla ya kuondoka.

Fikeni Jumamosi mchana, si Jumapili asubuhi. Jioni ya Jumamosi ndiyo ziara. Jumapili ni tangazo lake. Jioni hiyo mnakwenda kwa wagonjwa, kwa wafiwa, na kwa yule aliyeacha kuja kanisani. Huyu wa mwisho msimwulize kwa nini haji. Kaeni jikoni, ongeeni kuhusu mbolea na bei ya viazi, ombeni, ondokeni. Akitaka atasema mwenyewe mkiwa mlangoni, mara nyingi ndipo husema.

Kuhusu chakula. Watachinja kuku, ukikataa umewatukana. Lakini tuma neno mapema kwamba mtakuwa watu wawili, na mbebe sukari, majani ya chai, mchele na mafuta, mkabidhi kwa mama mwenyeji kimya kimya jikoni, si mbele ya watu. Mtume Yohana alimsifu Gayo kwa kuwapokea ndugu waliokuwa wageni kwake, akamwomba awasafirishe vema. Hakumwambia Gayo afilisike.

Jumapili mwacheni mwinjilisti aongoze liturujia yake kama kawaida. Mgeni ahubiri na kutoa sakramenti, basi. Nimeona wageni wakichukua hata matangazo, na washarika wakabaki kumtazama mwinjilisti wao kama mtoto aliyepokonywa kijiko. Hubiri fupi kuliko unavyohubiri mjini. Hawana njaa ya dakika. Wana njaa ya kuona kwamba unajua majina yao. Taja mtoto aliyefaulu, shukuru kwa kina mama waliokandika ukuta.

Baada ya ibada unafuata mnada wa sadaka za mazao, na hapa mgeni wa mjini anatakiwa kuwa na chenji. Mzee mmoja anasimama na debe la viazi, anayefuata ameshika jogoo, mtoto ana yai moja kwenye kiganja. Yai linanunuliwa shilingi elfu tano, mnunuzi analirudisha mezani, linanunuliwa tena, linarudishwa tena, watu wanacheka na kupiga vigelegele. Shiriki. Nunua yai lile mara moja, kwa bei ya kawaida ya furaha. Usimwage laki moja kuwaonyesha. Ukiondoka, kila mwanakijiji aliyetoa elfu moja ataona sadaka yake ni takataka.

Kabla ya kupanda pikipiki kaeni nusu saa na wazee. Mambo matatu tu: nini kimeharibika, nani anahitaji nini, tarehe ijayo ni ipi. Tarehe hiyo wanaiandika wao kwenye daftari lao na ninyi kwenye lenu, papo hapo.

Hatua ya tano: kati ya ziara na ziara

Paulo hakuwahi kuwaona Wakolosai kwa macho, na bado barua aliyowaandikia tunaisoma leo. Aliwaagiza waisome kisha ipelekwe Laodikia, nao waisome ile ya Laodikia. Mfano huo unafaa sana huku. Barua moja ya ukurasa mmoja kwa mwezi, yenye habari za mitaa yote: nani kabatizwa Ileje, kanisa gani limeezekwa Ludewa, nani amefiwa Mbozi. Isomwe kila mtaa wakati wa matangazo. Watu wa mlima mmoja waanze kuombea watu wa mlima mwingine, si kila kitu kipite mjini.

Simu hurahisisha, lakini pimeni uwezo wa watu. Wengi wana kitochi. Kundi la WhatsApp litawakusanya wenye bando, nao wengi wako mjini tayari. Mtaa wa mbali utawakilishwa na kijana mmoja ambaye mtandao anaupata akipanda kilimani. Mtumieni kijana huyo vizuri: ujumbe wa sauti wa dakika tatu, saa kumi na mbili jioni ya Jumatano, ausikilize na kuwachezea wengine kwenye ibada ya jumuiya. Dakika tatu, si kumi na tano. Bando ni lake.

Wamoravian wana urithi mzuri katika hili. Kitabu cha neno la kila siku kilianza kuchapwa mwaka 1731 kwa ajili ya Herrnhut, kijiji cha Wamoravian kule Ujerumani, na hadi leo aliye Ileje na aliye Uyole wanaweza kuamka na mstari mmoja. Makanisa mengine yanaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama: chagueni zaburi moja ya wiki, kila mtaa usome hiyo hiyo.

Maombi yawe na majina. "Tuwaombee ndugu zetu wa mbali" ni sentensi inayopita sikioni. Kila Jumapili mtaa mmoja, majina matano kutoka kwenye daftari, na baada ya ibada mtu mmoja apige simu kuwaambia kuwa wameombewa.

Hatua ya sita: fedha

Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya waumini wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Makanisa yalichagua watu wa kusafiri naye, akaeleza sababu bila kuficha: asije mtu akawalaumu juu ya fedha hiyo. Fanyeni hivyo. Wawili wanahesabu, wote wanasaini, kiasi kinasomwa mbele ya watu kabla hawajatawanyika, na fedha inatumwa kwa simu siku hiyo hiyo kwenye namba ya usharika, kamwe si namba ya mtu binafsi. Ujumbe wa muamala unapelekwa kwa mhazini na kwa mwenyekiti. Mkituma posho kule, tumeni na ya kutolea. Kumkata mwinjilisti ada ya wakala kwenye posho yake ni aibu ndogo inayokera kuliko kubwa.

Na sehemu ya sadaka ibaki mtaani. Mtaa unaoona kila senti yake ikishuka mjini, huku paa lake likivuja, hautachukua muda mrefu kutambua nani anamlea nani.

Hatua ya saba: msiba hausubiri ratiba

Jambo linalovunja ushirika na watu wa mbali kuliko mengine yote ni mtu kuzikwa bila kanisa. Mkristo akihesabu miaka yake ya uaminifu, halafu mama yake anazikwa huku mchungaji hapokei simu, hasahau.

Pangeni mapema. Mwinjilisti awe na kitabu cha ibada ya mazishi, na awepo mzee wa pili aliyefundishwa iwapo mwinjilisti mwenyewe ndiye mfiwa. Usharika uwe na fungu dogo la nauli ya dharura lisilohitaji kikao. Habari ikifika, mtu apige simu ndani ya saa moja, hata kama jibu ni kwamba hatutawahi kuzika. Kisha mchungaji au mzee aende ndani ya wiki mbili, watu wakiwa wameshaondoka na nyumba imekuwa kimya. Ziara hiyo ya pili, kwa maoni yangu, ina uzito kuliko kuhubiri makaburini.

Hatua ya nane: waliohama

Kijana wa Rungwe akienda Chunya, Mafinga kwenye mbao au Dar es Salaam, kanisa la nyumbani hufanya moja kati ya mawili. Humsahau, au humkumbuka kwenye ahadi ya ujenzi. Simu ya kwanza anayopokea kutoka kwa mzee wa kanisa baada ya miezi sita ni ya kumwuliza bati zake tatu. Mnashangaa kwa nini hapokei ya pili?

Mpeni barua ya utambulisho kabla hajapanda basi, yenye muhuri, inayotaja kama amepata kipaimara na alihudumu wapi. Fibi alikwenda Rumi akiwa na maneno ya Paulo kuwaomba wampokee. Barua ya utambulisho ni jambo la kale kama kanisa lenyewe. Tafuteni kanisa lililo karibu na anakokwenda, mpigie kiongozi wa pale, mwambieni: kijana wetu anakuja, anaimba besi. Hilo la besi lina maana. Mgeni mwenye kazi ya kufanya hurudi Jumapili ya pili.

Kisha mwachieni. Akishapata kanisa Makongolosi, sadaka yake ya kila wiki ni ya huko. Nyumbani mtampata Krismasi, na atachangia bila kuombwa. Kuna wanaobishana nami hapa, wakisema tutajengaje bila walio mjini. Nawajibu kwamba mnaweza kuwaomba mchango. Msiwazuie kuwa washarika kamili mahali wanapolala.

Ambako hakuna kanisa la dhehebu lenu, waambieni wasali na Wakristo waliopo. Kwenye kambi ya wachimbaji yenye waumini saba wa madhehebu manne, ibada moja ya pamoja inatosha, na mwinjilisti atakayefika huko asianze kwa kuwatenganisha.

Hatua ya tisa: ndugu wa ng'ambo

Kwa sharika zenye marafiki nje ya nchi, mfano wa karibu ni Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) na sinodi ya Kilutheri ya Saint Paul kule Minnesota, Marekani. Ushirika wao, unaoitwa Bega kwa Bega, ulianza mwaka 1987, na sharika za pande mbili zimeunganishwa moja kwa moja, usharika kwa usharika.

Mkiwa na uhusiano wa namna hiyo, jibuni barua. Ndilo kosa letu kubwa: wao wanaandika, sisi tunasubiri hadi tuwe na ombi. Andikeni pia pasipo na ombi. Mwambie rafiki yenu kwamba mvua imechelewa, kwamba kwaya imeshinda mashindano ya jimbo. Waulizeni wao wana shida gani, maana wanazo: watoto wao hawaendi kanisani, wazee wao wako peke yao. Waombeeni kwa majina yao mbele ya usharika na kuwatumia picha ya siku hiyo. Misaada yote ipite ofisini, si kwa mtu mwenye barua pepe. Na wageni wakija walazeni kwenye nyumba za washarika wa kawaida angalau usiku mmoja, maji ya kuoga ya moto kwenye ndoo, chai na viazi asubuhi.

Mkitaka kusalimiana moja kwa moja, kumbukeni kwamba saa za Minnesota ziko nyuma ya zetu kwa saa nane au tisa kutegemea msimu. Jumapili saa kumi na moja jioni huku, kule ni saa mbili au saa tatu asubuhi na watu wanaingia ibadani. Huo ndio muda wa kupiga simu ya video kwaya mbili ziimbiane ubeti mmoja mmoja. Jaribuni mtandao Jumamosi saa hiyo hiyo, na simu iwe imechajiwa kabla umeme haujakatika.